Nani Anailipia Redio ya Dodoma?

Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati. Waliokuwa wakisikiliza redio enzi hizo hawajamsahau Mkwaju, dereva wa lori mwenye hawara kila kituo, wala mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto akihangaika kujikwamua. Mchezo ulikuja mara mbili kwa wiki, ukazungumzia uzazi wa mpango na Ukimwi bila kuhubiri sana, na watu wakaupenda. Mbeya waliusikia, Mwanza waliusikia. Dodoma haukusikika.

Haikuwa hitilafu ya mitambo. Watafiti waliotaka kujua kama mchezo wa redio unaweza kubadili mwenendo wa watu walihitaji eneo moja lisiloupata, ili wapate pa kulinganishia, na eneo hilo likawa letu. Kwa miaka miwili, hadi 1995, saa ya mchezo ilipofika mtambo wa Dodoma ulijitenga na Dar es Salaam ukarusha vipindi vyake. Kisha utafiti ukachapishwa, ukawa mfano unaofundishwa vyuoni sehemu nyingi duniani, na sisi tumo ndani ya majedwali yake kama watu ambao hawakuambiwa.

Sisemi haya kwa kinyongo. Baadaye mchezo uliletwa na huku tukamfahamu Mkwaju kama wengine. Kinachonivutia ni kile ambacho watafiti walikipita haraka: kwamba Dodoma ilikuwa na uwezo wa kujitenga. Wengi huzungumza kana kwamba redio ya hapa ilianza siku FM ya kwanza ilipowashwa. Mtambo wa kusema na watu wa kanda ya kati ulikuwepo, watangazaji walikuwepo, na vipindi vya kujazia nafasi vilipatikana. Ila lini mtambo useme peke yake, na kwa sababu gani, iliamuliwa mbali na hapa, na mwenye fedha.

Ukiisoma historia ya redio ya Dodoma kwa jicho hilo, mambo mengi yanajipanga. Majina ya vituo yamebadilika, masafa yamebadilika, sheria zimebadilika. Lakini kila kipindi mwenye kulipa ndiye aliyesikika. Na katika miaka yote hiyo, vipindi ambavyo naweza kuviita vya Dodoma bila kusitasita ni vile ambavyo wasikilizaji wenyewe walivilipia kutoka mfukoni: matangazo ya vifo na salamu. Vyote viwili tumeviacha vikafa, wala hatukuweka kitu mahali pake.

Tuanze na zamani, kwa ufupi. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kwa majaribio 1951. Mwaka 1956 ikazaa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na 1965 serikali ikalichukua na kuunda Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD kama ilivyozoeleka. Kuanzia hapo mpaka miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na redio moja. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zikilia, nyumba nzima inanyamaza, taarifa ya habari inaanza. Mikoani kulikuwa na mitambo ya mawimbi ya kati, na Dodoma ilikuwa na wake. Uzuri wa mawimbi ya kati ni kwamba yanafuata uso wa nchi, hayasimamishwi na kilima kimoja, na usiku yanakwenda mbali zaidi. Mtu wa Kondoa na mtu wa Mpwapwa wote wawili waliweza kuipata sauti ile ile kwa redio ya National ya betri. Betri zikichoka zinaanikwa juani juu ya bati, zinapata nguvu kidogo ya kumalizia mechi.

Miaka ya 1970 redio hiyo ilitumika kwa bidii kubwa. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwakusanya watu wanaokaribia milioni mbili nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza: redio katikati, kijitabu mkononi, kiongozi wa kikundi, na baada ya kipindi watu wanakwenda kuchimba vyoo. Mwaka huo huo ndipo ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ilikuwa kazi nzuri, na anayeibeza hajui hali ya vyoo vijijini kabla yake. Ila sauti ilikwenda upande mmoja. Kijiji kilisikiliza, kikatenda, na hakuna aliyetoka Dar es Salaam kuja kukiuliza kina la kusema.

Tofauti ilikuwa pale saa ya matangazo ya vifo ilipofika. Aliyeishi miaka hiyo anaijua sauti yake: familia ya mzee fulani wa Mvumi inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao kilichotokea jana katika hospitali ya mkoa, habari ziwafikie mwanawe aliyeko Hombolo, dada yake wa Bahi, shemeji zake wote wa Manyoni, na mjomba wake popote pale alipo, mazishi yatafanyika kesho saa kumi. Tangazo lililipiwa, kwa hiyo familia ilikaa chini kulipunguza. Nani atajwe kwa jina, nani aingizwe kwenye "ndugu na jamaa wote". Watu wamenuniana miaka kwa sababu ya tangazo lililomruka mtu.

Liangalie vizuri tangazo lile. Ndani yake kuna vijiji vinne au vitano ambavyo havikuwahi kutajwa katika taarifa ya habari. Kuna mwenendo wa uhamaji wa mkoa: nani aliolewa wapi, nani alifuata reli, nani aliondoka akapotea. Kama mtu angekuwa na kumbukumbu ya matangazo ya vifo ya mwaka mmoja, angeweza kuchora ramani ya undugu wa Ugogo kuliko ofisi yoyote ya takwimu. Na hakuna mfadhili wala wizara iliyoyaagiza. Mwenye msiba alifika na hela yake na karatasi yake.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya 1993 ndiyo iliyovunja ukiritimba. Redio binafsi zikaanza Dar es Salaam mwaka uliofuata, zikaenea mikoani taratibu, na usimamizi hatimaye ukaja mikononi mwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, mwaka 2003. Leo nchi ina vituo zaidi ya 200. Kwetu kanda ya kati zimeingia redio za dini kama Mwangaza ya Kanisa Katoliki, zimeingia za biashara na za kijamii kama Dodoma FM, na jirani Singida wana Standard. Sitazitaja zote, maana nia yangu si kuzipa alama.

Ila niseme jambo moja la kiufundi, kwa sababu linabeba mengi. FM husafiri kama jicho linavyoona. Mnara wa Dodoma mjini unaona Chamwino na Bahi vizuri, tambarare ile haina cha kuzuia. Ukifika Mpwapwa, milima imekaa mbele. Kondoa hivyo hivyo. Tulipohama kutoka mawimbi ya kati kwenda FM tulipata sauti safi na muziki mtamu, tukapoteza nusu ya mkoa. Mwenye kituo akitaka kuifikia Kondoa anahitaji mtambo mwingine juu ya kilima, umeme wa kuuendesha, jenereta ya siku umeme ukikatika, mlinzi, na leseni inayoruhusu eneo hilo, ambayo ada yake ni kubwa kuliko ya wilaya moja. Mkono mtupu haulambwi. Kituo kidogo kinabaki kuongea na mji.

Na mji wenyewe ulikuwa mdogo. Nazungumzia Dodoma ya kabla ya magari ya serikali, mji ulioamka Bunge likikutana na kulala likiahirishwa. Gesti zilipandisha bei kwa wiki chache kisha zikarudi kwenye bei ya wenyeji. Mtangazaji wa redio alikuwa mtu wa kuonekana sokoni Majengo akichagua nyanya, na mama muuzaji anamwambia jana umekosea jina la mtaa wetu.

Hapo ndipo kadi za salamu zilipong'ara. Kwa vijana wasiozijua: kituo kilichapisha kadi, kikaziuza dukani au kwa wakala. Msikilizaji ananunua, anaandika jina lake na mahali alipo, kisha orodha ya anaowasalimu, na mwisho ujumbe au wimbo anaoutaka. Kadi inarudishwa kituoni, mara nyingi kwa kupewa kondakta wa basi. Mtangazaji anazisoma hewani moja baada ya nyingine. Ndipo wakazaliwa wanasalamu, watu wenye majina ya kazi waliyojipa wenyewe, ambao sauti zao hukuwahi kuzisikia lakini unawajua: fulani wa Kibaigwa mwenye mashine ya kusaga, fulani wa Makole fundi cherehani, bibi wa Kikuyu anayesalimu wajukuu kila Jumapili. Walifahamiana kupitia redio, wakaunda vyama, wakatembeleana, wakazikana. Kuna ndoa zilizotokana na kadi zile.

Wasomi wa habari walikuwa wakivicheka vipindi vya salamu. Walisema ni kupoteza muda wa hewani, havina maudhui. Mimi naona kinyume. Kadi moja ilikuwa inafanya kazi tatu kwa mpigo. Iliingiza hela, ndogo lakini ya uhakika, isiyohitaji andiko la mradi wala mkataba. Ilimwonyesha mwenye kituo sauti yake inafika wapi, kwa sababu kadi ikitoka kijiji kipya ni dalili kwamba huko wanakupata. Utafiti wa wasikilizaji ambao leo unauzwa kwa mamilioni, wao waliupata bure kwenye boksi la karatasi. Na ilimfundisha mtangazaji jiografia. Ukisoma majina ya vijiji miaka mitano mfululizo huwezi kuichanganya Mvumi Makulu na Mvumi Misheni.

Kilichoviua vyote viwili ni simu. Salamu zikahamia kwenye ujumbe mfupi, ambao kampuni ya simu inakata sehemu yake kwanza ndipo kituo kipate kilichobaki. Halafu zikahamia WhatsApp na Facebook, ambako kituo hakipati hata senti. Matangazo ya vifo yalifuata njia hiyo hiyo: leo mtu akifariki saa mbili asubuhi, saa tatu picha yake iko kwenye magrupu ya ukoo, shule na kanisa, na michango imeanza kuingia kwenye namba ya mweka hazina. Siwalaumu watu. Ni haraka na ni rahisi, na hakuna mwenye akili atakayetembea mpaka kituoni kulipia kitu anachokipata bure. Lakini mezani kwa mhasibu wa redio mstari wa mapato uliokuwa ukitoka kwa mwananchi wa kawaida ulifutika, na kilichouziba kilitoka kwingine kabisa.

Kwanza walikuja wa miradi. Mashirika yalihitaji kusema na watu vijijini kuhusu lishe, ndoa za utotoni, haki za ardhi, uchaguzi, na redio ndogo ilikuwa njia nafuu. Mengine yalifanya vizuri mno: mafunzo, vifaa vya kurekodia, hela ya mafuta ili ripota afike kijijini. Wapo watangazaji wazuri wa leo waliolelewa na miradi hiyo, na UNESCO ina mchango wa haki katika kuzisimamisha redio za kijamii nchini. Tatizo la mradi ni kwamba una tarehe ya kuisha. Kipindi cha wakulima kinarushwa miezi kumi na minane, kinazoeleka, watu wanaanza kupiga simu, kisha kinapotea wiki moja bila kwaheri kwa sababu fedha imekwisha na mfadhili sasa anapenda mabadiliko ya tabianchi. Msikilizaji hajui mambo ya wafadhili. Anajua tu kwamba redio yake imeacha kumjali.

Pili, serikali ikahamia. Tangazo la 2016 tulilisikia wote, na safari hii halikuwa kama la 1973; wizara zilikuja kweli. Aprili 26, 2018 mji ukapandishwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini. Ya 2022 ikawakuta 765,179. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyosema, na kwa vituo vya redio mwenyeji alipona kweli. Ghafla kulikuwa na matangazo ya viwanja, hoteli, vyuo, hospitali binafsi, mabasi na baadaye treni ya SGR. Na kila taasisi iliyohamia ilikuja na kitengo cha mawasiliano chenye bajeti na afisa habari mwenye kutafuta wa kumsikiliza.

Sasa chukua hesabu nyepesi. Sensa hiyo hiyo ya 2022 inauonyesha mkoa mzima ukiwa na watu 3,085,625. Maana yake ni kwamba kati ya kila watu wanne wa mkoa wa Dodoma, mmoja anaishi jijini na watatu wako Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Fedha ya redio, karibu yote, inatoka kwa yule mmoja.

Utaisikia tofauti asubuhi yoyote. Fungulia kituo cha hapa wakati wa taarifa ya habari, sitakitaja kwa sababu si kimoja. Habari ya kwanza: waziri amefungua kikao kazi. Ya pili: katibu mkuu amewataka watumishi kuzingatia maadili. Ya tatu: mkurugenzi wa mamlaka fulani amesema mfumo mpya utarahisisha huduma. Ya nne, kama muda upo, moto umeunguza vibanda mahali. Kisha magazeti yanasomwa, yaliyoandikwa Dar es Salaam, kisha uchambuzi wa michezo ambao utadumu kuliko yote yaliyotangulia. (Simba na Yanga tunawapenda, lakini tangu Dodoma Jiji ipande Ligi Kuu 2020 ningetegemea itajwe walau kabla ya usajili wa mchezaji wa akiba wa Msimbazi.)

Ukimuuliza ripota kwa nini, atakujibu bila kuficha. Kikao cha wizara kiko hotelini kilomita tatu kutoka kituoni, usafiri unatumwa, chai ipo, na mwisho kuna bahasha ya nauli. Kwenda Chemba ni nauli yake mwenyewe, siku nzima, na akirudi habari yake inapata dakika moja na nusu. Wengi hawana mshahara wa kueleweka. Wanajitolea wakisubiri ajira. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zimekuja na sharti la angalau stashahada ya uandishi, na nia ya kuinua taaluma naielewa. Ila mzigo umeangukia pabaya. Yule mtangazaji wa kidato cha nne aliyejua kila kijiji kwa sababu ya kadi za salamu ndiye aliyeambiwa akasome au aondoke. Kijana mwenye stashahada aliyekuja badala yake ni mzuri wa sauti, ametoka mkoa mwingine, na ndoto yake ni kuhamia kituo cha Dar es Salaam. Nisingemlaumu.

Kuna watakaosema ninalilia kitu kilichopitwa. Kila mtu ana simu, anasikiliza anachotaka, na habari za wizara ni habari za Dodoma kwa sababu wizara ziko Dodoma. Hoja ya kwanza ina nguvu mjini. Ipeleke kwenye kijiji ambacho kupata mtandao ni kupanda kichuguu, na ambako bando la wiki linagombania hela na sabuni, utaona redio ndogo ya sola bado inaning'inia kwenye mti shambani. Hoja ya pili naikataa. Kwamba kauli imetolewa Dodoma haiifanyi kuwa ya Dodoma. TBC na vituo vikubwa vitaibeba kauli ya waziri hata kama redio zote za hapa zitanyamaza. Yapo mambo ambayo zisipoyabeba hizi ndogo hayatabebwa na mtu.

Chukua mvua. Huku msimu ni mmoja, unaanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na tofauti kati ya mavuno na njaa inaweza kuwa wiki mbili za jua mwezi Februari. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri wa msimu, nao unasomwa hewani kama ulivyoandikwa: mvua za wastani hadi chini ya wastani katika mikoa ya Dodoma na Singida. Mkulima wa Bahi afanye nini na sentensi hiyo? Apande mtama au athubutu mahindi? Apande sasa au asubiri mvua ya pili? Anahitaji bwana shamba wa wilaya yake kwenye kipaza sauti, na mkulima mwenzake akimbishia.

Au chukua bei. Soko la mahindi la Kibaigwa linapokea magari kutoka pande zote za nchi, na bei ya gunia pale hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Mwenye gunia nane huko ndani Kongwa anayeuziwa habari na dalali aliyekuja na pikipiki hana namna ya kujua anaibiwa kiasi gani. Zabibu vivyo hivyo. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, na mara mbili kwa mwaka wakulima wanaingia msimu wakiwa hawajui viwanda vitanunua kwa shilingi ngapi wala vitalipa lini. Dakika tano za bei kila jioni, zilizosomwa na mtu aliyekwenda sokoni, zina thamani kuliko kongamano la fursa za zabibu linalorushwa mubashara saa nne nzima kwa sababu mdhamini amelipa.

Lipo pia suala la lugha, ambalo huwa tunaliogopa. Kanuni za utangazaji zinataka Kiswahili au Kiingereza, na sababu yake ya kihistoria ni ya heshima: nchi hii ilijengwa kwa kuzungumza pamoja. Lakini mkoani Manyara, kituo cha Orkonerei pale Terrat, Simanjiro, kilijipatia jina kwa kusema na wafugaji kwa Kimaasai, na umoja wa taifa haujapungua hata chembe. Kwetu, wimbo wa Kigogo unapita hewani bila shida. Marehemu Hukwe Zawose aliupeleka uimbaji wa Wagogo kwenye majukwaa ya dunia, na tamasha la muziki wa Wagogo hufanyika Chamwino. Bibi anayejua kupiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, anaruhusiwa kuimba. Akitaka kueleza kwa lugha hiyo hiyo jinsi zahanati ilivyokosa dawa, inabidi atafutiwe mkalimani au aachwe. Saa moja kwa wiki ya Kigogo, Kirangi au Kisandawe kwa kituo chenye leseni ya wilaya, kuhusu afya na kilimo, sioni ingemdhuru nani.

Katika yote haya sidai serikali iondoe mkono wake na kuwaacha wenye vituo wajitegemee. Hilo ni rahisi kulisema kwa mtu asiyelipa bili ya umeme ya mtambo. Nadai ilipie kingine. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao ofisi yake iko hapa hapa jijini, umekuwa ukitoa ruzuku ili kampuni za simu zijenge minara vijijini, mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Mantiki hiyo hiyo inafaa kwa mtambo mdogo wa FM juu ya kilima cha Kondoa au Mpwapwa, tena kwa gharama ndogo kuliko mnara mmoja wa simu. Wizara zinazonunua muda wa hewani zinunue vipindi, na ijulikane hewani kwamba kipindi kimelipiwa. Taarifa ya habari isiwe sehemu ya mkataba. Na vituo navyo visikae vikisubiri. Tangazo la kifo bado lina kazi ambayo grupu la ukoo haliwezi: kumfikia yule mjomba wa popote pale alipo, ambaye hayumo kwenye grupu lolote. Wayarudishe kwa bei ya soda, wayasome saa moja kamili jioni kila siku.

Halmashauri sita za wilaya nilizozitaja zote hutenga fedha za habari na matangazo. Sehemu kubwa huishia kwenye kurusha mubashara ziara za viongozi, mabango na pongezi. Makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai huanza kuandaliwa miezi mingi kabla, na hupita mbele ya madiwani kabla hayajaenda juu. Diwani anayetoka kata yenye mashamba ya mtama ana haki ya kuuliza siku hiyo, kwenye mstari huo wa matangazo, ni shilingi ngapi zimewekwa kwa ajili ya nauli ya ripota kwenda Kibaigwa na kurudi, mara moja kwa wiki, mwaka mzima.